Je, wajua? Gazelle, helikopta ya vita iliyotumikia polisi

Je, wajua kwamba helikopta za kukodi zilizopigana na waasi katika anga ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2020 ziliwatumikia polisi wa nchi hiyo, si jeshi? Polisi walizipata kwa mkataba na Dyck Advisory Group (DAG), kampuni binafsi ya Afrika Kusini iliyoanza kazi Aprili mwaka huo. Miongoni mwake ilikuwamo Gazelle, chombo chepesi cha watu watano kilichoundwa Ufaransa na kuruka mara ya kwanza mwaka 1967, ambacho rafadha yake ya nyuma imewekwa ndani ya mkia wenyewe. Mwanzoni mwa 2021 jeshi nalo lilikuwa likijipatia Gazelle zake kupitia kampuni ya Paramount. Vita vilikuwa vimoja, lakini anga ilikuwa na wakubwa wawili, na mgawanyiko huo uliidhoofisha pwani ya kaskazini. Helikopta hupiga na kuondoka. Mji hushikwa na askari wa miguu. Kutoka Pemba hadi Palma ni zaidi ya kilometa 200 kwa anga, na Gazelle huruka takriban kilometa 700 tu bila kujazwa mafuta, hivyo safari ya kwenda na kurudi huacha muda mfupi wa kupigana. Agosti 2020 helikopta za DAG ziliwasaidia wanamaji waliokuwa wakilinda bandari ya Mocímboa da Praia, lakini waasi wakaiteka bandari.

Wapo watakaosema kwamba polisi walijaza pengo, na kwamba Machi 2021 marubani wa DAG waliwaokoa watu waliozingirwa katika hoteli ya Amarula, Palma. Ni kweli, na uhai ule una thamani kubwa. Lakini uokoaji hauzuii mji kutekwa. Tena, mwezi huohuo Amnesty International iliishutumu DAG kuwafyatulia raia risasi kutoka angani, na kampuni ikasema madai hayo yatachunguzwa. Mwananchi aliyefiwa amdai nani haki: polisi, jeshi au kampuni? Uingereza iliwahi kuutatua mgawanyiko wa amri kama huu: ndege za manowari, zilizowekwa chini ya jeshi la anga mwaka 1918, zilirudishwa kwa wanamaji kwa uamuzi wa 1937.

Mkataba wa DAG uliisha Aprili 2021. Julai, Rwanda ilileta wanajeshi na polisi wapatao 1,000 chini ya kamanda mmoja, na tarehe 8 Agosti, pamoja na majeshi ya Msumbiji, waliikomboa Mocímboa da Praia. Mafunzo yao yalichangia, lakini amri moja nayo ilikuwa silaha. Anayewaamuru askari wa ardhini ndiye anayepaswa kuiamuru helikopta inayowalinda, na ndiye wa kuulizwa inapoumiza raia.