Seremala na Vyombo Vyake

Wazee husema, mchagua jembe si mkulima. Shambani huenda ikawa kweli, kwani hata jembe butu hufukua udongo, na mwenye nguvu atapata mavuno yake. Kwa seremala sivyo. Patasi ya chuma kibaya haichimbi tundu kwa nguvu za mkono. Huponda mti, huteleza, na aghalabu huishia katika kiganja cha mwenyewe. Kijana aanzaye kazi hii huwa na fedha chache, na mara nyingi si zake, bali za baba yake au za ndugu waliochanga. Akizitoa zote kununua vyombo ishirini vinavyong'aa ndani ya sanduku moja, kisha vikamharibikia kabla hajamaliza kiti cha kwanza, hana kazi wala fedha. Heri vichache vilivyo vyema: msumeno mmoja, randa moja, patasi tatu za upana mbalimbali, nyundo, guni, futi, na jiwe la kunolea. Jiwe hilo lisisahauliwe, maana bila jiwe vingine vyote vitakuwa butu baada ya siku chache.

Uhai wa chombo cha seremala umo katika makali, na makali yamo katika pua. Pua ni chuma kilichochanganyika na makaa kidogo sana. Katika patasi njema makaa hayo ni kama sehemu 1 tu katika 100. Hayo machache ndiyo yanayofanya tofauti. Pua ikipashwa moto hata iwe nyekundu, kisha ikatumbukizwa ghafula katika maji au mafuta, huwa ngumu mno, lakini huvunjika upesi kama kioo. Basi mhunzi huipasha tena kwa moto mdogo, ili ipunguze ukali wake na kuwa stahimilivu. Zamani pua ilikuwa na kasoro, huku ngumu na huku laini katika kipande kimoja. Katika miaka ya 1740 fundi wa saa mmoja wa Uingereza, jina lake Benjamin Huntsman, alitaka pua iliyo sawa pande zote kwa kamani za saa zake. Aliiyeyusha katika vyungu vya udongo kwa moto mkali sana, akafaulu, na mji wa Sheffield, ambao alifanya kazi karibu nao, ukapata sifa ulimwenguni kwa visu, misumeno na patasi.

Mnunuzi hawezi kuiona pua kwa macho, lakini aweza kuipima. Atwae tupa ndogo, aipitishe taratibu pembeni mwa patasi, karibu na makali. Tupa ikiuma kama inavyouma msumari, chuma hicho ni laini na hakitashika makali. Ikiteleza bila kuuma, hiyo ni pua ya kweli. Mwenye duka huenda akakunja uso. Basi na aombwe kwanza. Tena patasi itazamwe kwa urefu wake ili kuona kama bapa na mpini vimenyoka katika mstari mmoja, kwa sababu patasi iliyopinda hupeleka pigo la nyundo upande.

Msumeno hupimwa kwa njia nyingine. Ushikwe mpini, na ncha yake ikunjwe polepole hata bapa lipinde kama uta, kisha iachwe. Msumeno mwema hurudi ukanyoka sawasawa. Mbaya hubaki na kombo. Ukigongwa kwa kidole hulia kama kengele ndogo, na mlio hukaa kitambo. Bati dhaifu hutoa sauti mfu. Meno yake hayakusimama katika mstari mmoja, bali jino moja limepindwa kidogo kuume, la pili kushoto, na hivyo hivyo hata mwisho. Kwa sababu hiyo njia inayokatwa huwa pana kuliko bapa, nalo hupita bila kubanwa. Msumeno ambao meno yake yamerudi kusimama wima hukwama, hasa katika mbao mbichi, na asiyejua sababu huongeza nguvu badala ya kuyatazama meno.

Mti umefanyika kwa nyuzi nyingi zilizolala pamoja, kama nyuzi za mkonge. Kuzikata nyuzi hizo kwa upande ni kazi moja, na kuzipasua kwa urefu wake ni kazi nyingine. Msumeno wa kupasulia una meno makubwa, 4 au 5 katika inchi 1, na kila jino limenolewa kama patasi ndogo. Msumeno wa kukatia mkato una meno 8 hata 10 katika inchi, yaliyonolewa kwa mshazari kama visu, ili uzi ukatwe kabla haujang'olewa. Kijana awezaye kununua mmoja tu achukue huo wa mkato. Utapasua pia, ingawa kwa taabu. Misumeno ya Ulaya hukata ikisukumwa, na ile ya Kijapani hukata ikivutwa. Ndiyo sababu bapa la msumeno wa Kijapani laweza kuwa jembamba sana, maana kitu kinachovutwa hakikunjiki.

Juu ya keekee hapana mengi ya kusema. Ile ya pwani, iliyotoboa mbao za majahazi kwa miaka mingi, ina chuma chake, na msukano uliotiwa chuma hicho, na jivu la kushikia, na uta wa kuizungusha. Ikiwa chuma kina makali na kamba ya uta haikulegea, hutoboa vyema.

Randa yataka maneno zaidi. Nyayo yake lazima iwe tambarare. Fundi huipima kwa kuweka rula iliyonyoka juu yake na kutazama kama mwanga unapenya katikati. Kisu chake hulala kwa digrii 45 au karibu nazo, na katika randa nyingi juu ya kisu kuna kipande cha pili cha chuma kisicho na makali. Wengi hudhani kwamba kipande hicho ni cha kukaza tu. Kumbe kina kazi kubwa. Kisu kinapoinua maranda, maranda hayo huvuta nyuzi zilizo mbele, na ubao hupasuka kabla makali hayajafika. Kile chuma cha juu huyavunja maranda mara tu yanapoinuka, yasipate nguvu ya kuvuta. Kwa mbao tulivu kiwekwe nyuma ya makali kiasi cha sehemu ya 16 ya inchi. Kwa mbao zenye nyuzi kaidi kisogezwe karibu zaidi, hata sehemu ya 32 au chini ya hapo. Zamani kisu kilirekebishwa kwa kugongwagongwa kwa nyundo. Randa za chuma za Mmarekani Leonard Bailey, ambazo kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869, hurekebishwa kwa parafujo, na umbo hilo limeenea kote. Walakini randa ya chuma cha kusubu ikianguka juu ya sakafu ya saruji yaweza kupasuka, na ile ya mti ikaokotwa nzima.

Nyuzi kaidi si jambo la nadra Afrika ya Mashariki. Katika mvule na mkangazi nyuzi za mwaka mmoja huweza kuinama upande huu, na za miaka ifuatayo upande wa pili, hata randa ikienda vyema kwa sehemu moja hung'oa sehemu iliyo kando yake. Tena mvule huweza kuwa na mawe ndani yake, mawe ya chokaa hasa, yaliyofanyika mti ukiwa hai. Msumeno ukigonga jiwe la namna hiyo meno yake huharibika mara moja, na msumeno si wa kulaumiwa. Mpingo nao ni mzito hata huzama majini, na mgumu hata hupunguza makali upesi. Mti huo hupendeza katika kerezo, yaani mashine izungushayo mti huku fundi akiuchonga, na ndio unaotumika kufanyia zumari za Kizungu ziitwazo klarineti.

Chombo kipya hakitoki dukani kikiwa tayari kwa kazi. Kwanza mgongo wa patasi usuguliwe juu ya kinoo hata uwe laini kabisa karibu na makali. Kisha upande wa mshazari unolewe: cherehe huutia digrii 25, na kinoo humalizia ncha kwa digrii 30. Mnoaji huendelea hata ahisi kwa kidole ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa mgongo. Hapo huigeuza patasi na kuuondoa ukingo huo taratibu. Hatari iko kwenye cherehe inayozunguka upesi. Pua ikipata moto hugeuka rangi, kwanza manjano, halafu zambarau, kisha buluu. Ikifika buluu ugumu wake umepungua, na sehemu hiyo yote hapana budi kusagwa hata iishe. Kwa hiyo patasi huchovywa majini mara kwa mara kabla rangi haijatokea. Mtu akiisha kazi huvipangusa vyombo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na pwani asikose hata siku moja, kwa maana hewa ya chumvi huleta kutu kwa usiku mmoja.

Mashine zimeifanya kazi kuwa ya haraka mno. Katika bandari ya Portsmouth, Uingereza, merikebu za kivita zilihitaji makapi, yale yanayopitisha kamba za matanga kama katika majahazi ya pwani. Marc Isambard Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, alibuni mashine 45 za kuyafanya, zikaundwa na Henry Maudslay. Mwaka 1808 zilitoa makapi 130,000, na watu 10 walifanya kazi iliyokuwa ya mafundi 110. Hao mia waliobaki nje hawatajwi sana katika habari hiyo.

Mashine haichoki, wala haijui tofauti ya mti na kidole. Msumeno wa duara wenye upana wa inchi 10, ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, hupeleka kila jino zaidi ya futi 10,000 katika dakika hiyo, yaani karibu maili 2. Meno ya mbele hushuka yakikandamiza ubao mezani, lakini ya nyuma hupanda. Njia iliyokatwa ikijifunga nyuma ya duara, meno hayo huukamata ubao na kuurusha kwa nguvu kumwelekea mtu. Kwa hiyo nyuma ya duara huwekwa bamba jembamba lisilo na meno, la kuizuia njia isijifunge. Atakayeliondoa kwa kuona linamsumbua amejiweka katika hatari kubwa. Mtumiaji asimame kando kidogo, si nyuma ya ubao, na mwisho wa ubao ausukume kwa kijiti. Mikono mirefu ya kanzu ikunjwe. Glavu zisivaliwe, maana meno yakishika glavu huuvuta mkono mzima. Mbao kuukuu zikaguliwe misumari.

Vumbi nalo si la kudharauliwa. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa wanadamu, hasa katika pua. Milango ya karakana na iwe wazi, na fundi avae barakoa iliyofanywa kwa ajili ya vumbi. Maranda yaliyolundikana chini ya mashine hayaondolewi kwa mkono, bali kwa brashi, umeme ukiisha kukatwa na duara likiisha kusimama kabisa.