Uhasibu au biashara? Hesabu za wazazi chini ya Wanale

MBALE. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nyumba nyingi zilizo chini ya mwamba wa Wanale huanza kupiga hesabu. Fedha za kahawa zimebaki kidogo, mtoto amefaulu, naye anataka kusoma "mambo ya biashara". Yapi hasa? Hapo mzazi na mtoto hubaki wakitazamana.

Chuo si mbali. Shule Kuu ya Biashara ya Makerere (MUBS), iliyoundwa mwaka 1997, ina matawi Mbale na Jinja. Tatizo ni majina ya shahada, ambayo yanakaribiana mno: uhasibu, biashara, utawala wa biashara.

Anayesoma uhasibu hushinda na vitabu vya hesabu: gharama, kodi, ukaguzi. Anayesoma utawala wa biashara hupita kila chumba cha nyumba hiyo, yaani masoko, wafanyakazi, ununuzi, sheria, na uhasibu kidogo. Huyu wa pili huelewa duka zima. Wa kwanza hujua fedha zilipotelea wapi.

Lakini liko jambo ambalo wazazi wengi huambiwa wakiwa wamechelewa. Shahada ya uhasibu, hata yenye alama za juu, haimpi mtu haki ya kufungua ofisi ya ukaguzi. Kwa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013, ni lazima awe mwanachama wa Taasisi ya Wahasibu wa Umma ya Uganda (ICPAU), na awe na cheti cha kufanyia kazi hiyo. Njia ya kawaida ya kufika huko ni mitihani ya CPA.

Mlango huo haukufungwa kwa aliyesoma biashara. Mhitimu wa uhasibu anaweza kuomba asamehewe baadhi ya karatasi alizokwisha kuzisoma chuoni. Mwenzake wa biashara kwa kawaida hubakiwa na nyingi zaidi. Kila karatasi ina ada yake na miezi yake ya kukesha. Kwa familia inayotegemea vishina vya kahawa, hiyo si tofauti ndogo.

CPA ndiyo inayovuka mpaka pia. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, baada ya Soko la Pamoja kuanza Julai 2010. Mwanachama wa ICPAU anayetaka kazi Kisumu au Mwanza ana pa kuanzia, ingawa sheria na kodi za huko itambidi azijue. Mwenye shahada ya biashara peke yake hana makubaliano ya namna hiyo. Hutegemea uzoefu wake na mwajiri atakayempenda.

Na kazi za nyumbani je? Jinja ina viwanda, na Kakira ina sukari yake. Mbale ina Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, na wafanyabiashara wa kahawa wasiohesabika. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi ulipozinduliwa Kibuku Februari 2022, kila parishi imetakiwa kuwa na chama chake cha kuweka na kukopa. Fedha zikiingia huko bila mtu wa kuandika vizuri, ugomvi hauchelewi. Vyama hivyo havihitaji mkurugenzi. Vinahitaji mtu wa vitabu.

Kwa hiyo kijana mpole anayependa tarakimu, ambaye kwao hakuna fedha za ziada, uhasibu unamfaa zaidi. Yule ambaye tangu shuleni huuza vitunguu vya Wanale sokoni na kurudi na faida, kumfungia ndani ya vitabu vya ukaguzi ni kumwonea. Biashara itamkuza, na CPA anaweza kuiongeza baadaye akitaka.

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mzazi aende dirishani chuoni na aombe orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, kisha aulize ICPAU ni yapi kati ya hayo yatamsamehe mwanawe mtihani. Jibu alichukue kwa maandishi.