Bandari ya Kale ya Mombasa: Jinsi Kilindini Ilivyoichukua Biashara

Kwa karne nyingi, mali nyingi iliyoingia Mombasa kwa bahari ilipita kwenye mkono mwembamba wa maji ulio mbele ya Mji wa Kale, upande wa mashariki wa kisiwa. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, waliiweka mlangoni pa bandari hiyo. Aliyeishika ngome aliushika ushuru.

Bandari ilifuata pepo. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ilileta majahazi na mabumu kutoka Omani, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, chumvi, mazulia na papa mkavu. Kusi ilipoanza kuvuma, kiasi cha Aprili, manahodha walitweka matanga kurudi kwao na boriti za mikoko, pembe za ndovu na nafaka. Maji yalikuwa shwari na maghala yalikuwa karibu. Chombo cha mbao kinachopakuliwa kwa mabega ya mahamali hakikuhitaji zaidi.

Meli za mvuke zilihitaji zaidi: kina, nafasi ya kugeukia na gati ndefu. Vyote vilipatikana ng'ambo ya pili ya kisiwa, Kilindini, mahali ambapo jina lenyewe linataja kilindi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Gati za kwanza za maji marefu zilipokamilika Kilindini mwaka 1926, winchi ikawa inashusha shehena karibu na behewa. Vichochoro vya Mji wa Kale havikuweza kushindana na hilo.

Majahazi yalibaki na biashara yao ya pwani na Arabuni kwa miongo kadhaa. Kisha nayo ikapungua. Utajiri wa mafuta uliwapa mabaharia wa Ghuba kazi nyingine, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Jahazi lililoleta tende likakosa mzigo wa kurudi nao, na safari yenye mzigo wa upande mmoja haina faida.

Leo vyombo vichache vya mwambao bado hutia nanga katika Bandari ya Kale. Ngome, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958, sasa ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Shehena ya Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo hupita Kilindini.