Fimbo ya Kuvulia: Ununue Iliyokamilika au Uiunde Mwenyewe?

Anayeunda fimbo yake ya kwanza ya kuvulia samaki kwa nia ya kubana matumizi atatoka na hasara. Nalitanguliza hili kwa sababu naipenda kazi hii, na nisingependa mtu aianze kwa hesabu isiyo sahihi kisha aiache njiani. Sababu nzuri za kuunda fimbo yako zipo, na zipo bei ambazo uundaji hulipa kweli. Ila faida hiyo huanza kuonekana pale fimbo inapofika thamani fulani. Chini ya hapo, duka hukushinda.

Hesabu zilizomo humu ni za dola za Marekani. Huko ndiko soko la vipuri vya fimbo lilikokomaa, na huko ndiko wengi wetu huagizia, tuwe Mombasa, Dar es Salaam au Minneapolis. Bei zenyewe ni za kukadiria. Zitapanda au kushuka kidogo kulingana na duka na msimu.

Unachonunua hasa

Fimbo ya dola 40 na ya dola 500 zina viungo vilevile. Kuna ufito wenyewe, yaani ule mti mtupu unaopinda. Kuna pete zinazopitisha mshipi, na pete ya nchani. Kuna kiti cha kushikilia rili, na mshiko wa mkono. Kisha kuna uzi unaofunga pete kwenye ufito, na epoksi inayopakwa juu ya uzi ili ugande na kung'aa.

Muundaji wa nyumbani hatengenezi ufito. Huununua ukiwa mtupu kutoka kiwandani, na kazi yake ni kuchagua viungo na kuviunganisha. Uhuru wake uko katika uchaguzi huo: urefu wa mshiko unaolingana na mkono wake, mahali pa kiti cha rili, idadi na ukubwa wa pete, rangi ya uzi. Kiwanda humtengenezea mvuvi wa wastani. Mtu mwenye mikono mifupi anayerusha chambo kutoka miambani hawezi kuupata urefu wa mshiko wake kwenye rafu ya duka, na hapo ndipo kazi hii inapomfaa.

Hesabu kwa madaraja matatu

Daraja la chini. Fimbo ya Ugly Stik, inayochanganya faibaglasi na kaboni na iliyoingia sokoni mara ya kwanza mwaka 1976, hupatikana kwa takriban dola 50, tena ni imara. Ukiunda ya kulingana nayo: ufito dola 35, pete 18, kiti cha rili 10, mshiko 15, uzi na epoksi 20. Jumla ni dola 98. Umelipa karibu mara mbili, kabla ya kuhesabu muda wako wala nauli ya mzigo. Katika daraja hili, nunua iliyokamilika.

Daraja la kati. Fimbo nzuri ya kaboni dukani ni dola 150 hadi 200. Ya kuunda: ufito dola 80, pete 35, kiti 18, mshiko 25, na dola 10 za uzi na epoksi, kwa kuwa chupa moja huhudumia fimbo kadhaa. Jumla ni dola 168. Hapa mizani iko sawa, hivyo uamuzi hautokani na pesa. Jiulize kama kuna kitu unachokihitaji ambacho duka halikiuzi.

Daraja la juu. Fimbo ya dola 400 hadi 500 inaweza kuundwa kwa ufito wa dola 190, pete za 80, kiti cha 25, mshiko wa 35 na dola 10 za uzi na epoksi: jumla dola 340. Unabakiwa na dola 60 hadi 160. Sababu yake ni wazi: sehemu kubwa ya bei ya fimbo ya kifahari ni kazi ya mikono, matangazo na faida ya muuzaji, na wewe umeifanya kazi hiyo mwenyewe.

Lipo jambo moja ambalo wauza vipuri hawalisemi kwa sauti. Fimbo ya dukani huja na dhamana ya kitu kizima. Ufito mtupu nao mara nyingi una dhamana, lakini ni ya ufito peke yake. Ukivunjika kwa kasoro ya kiwandani utaletewa mwingine, ila pete, uzi na jioni ulizotumia havirudishwi. Mvuvi anayevunja fimbo mara kwa mara alitie hili kwenye hesabu.

Pesa iende wapi

Nusu ya bajeti iende kwenye ufito, robo kwenye pete, na robo iliyobaki igawanywe kwa vingine vyote. Wengi wanaoanza hufanya kinyume: hununua mshiko wa kupendeza na uzi wa rangi tano, kisha huuweka urembo huo juu ya ufito dhaifu.

Kwenye ufito, chaguo kuu ni faibaglasi au kaboni. Faibaglasi ilianza kuchukua nafasi ya mwanzi katika miaka ya 1940. Ni nzito kidogo, hupinda polepole na huvumilia kugongwa. Fimbo za kaboni zilifika madukani Marekani mwaka 1973 kupitia kampuni ya Fenwick. Kaboni ni nyepesi na hukufikishia mkononi hata mguso mdogo wa samaki, lakini ikigongwa kwenye ukingo wa boti hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika siku samaki mkubwa anapovuta. Kwa anayevuta chambo nyuma ya boti akitafuta nguru, jodari au felusi, faibaglasi au mchanganyiko wa viwili hivyo ni chaguo la busara na la bei nafuu. Kwa anayerusha chambo bandia mfululizo akimtafuta kolekole, uzito wa fimbo unachosha mkono, na kaboni inastahili bei yake.

Kwenye pete, tazama vitu viwili: fremu na kigae cha ndani. Kampuni ya Fuji ya Japani ndiyo inayofahamika zaidi, na hupanga vigae vyake kwa daraja: oksidi ya alumini, Alconite, SiC na Torzite. Kadiri kigae kinavyokuwa kigumu na laini, ndivyo mshipi unavyopita bila joto wala kukwaruzwa. Kwa mshipi wa kawaida wa nailoni, oksidi ya alumini inatosha. Kwa mshipi wa kusuka, panda hadi Alconite. Ukiruka moja kwa moja hadi Torzite unalipia tofauti ambayo wavuvi wachache sana wataihisi.

Kwa wanaovua baharini, fremu ina umuhimu kuliko kigae. Chumvi hula chuma cha pua polepole, hasa pale uzi unapokutana na mguu wa pete. Titani haishiki kutu kabisa, lakini seti yake huanzia kama dola 100. Ushauri wangu kwa mvuvi wa pwani ni pete za chuma cha pua zenye kigae cha Alconite, pamoja na desturi ya kuisuuza fimbo kwa maji baridi kila baada ya safari. Maji ya bombani hayagharimu dola 100.

Kwenye mshiko kuna gome la mwaloni, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na povu gumu la EVA. Gome ni zuri kwa macho na lina joto mkononi, lakini la daraja la juu limekuwa ghali, na la bei rahisi limejaa mashimo yaliyozibwa kwa vumbi na gundi. EVA haina mashimo, husafishika damu na chambo kwa urahisi, tena bei yake ni ndogo. Kwa boti na miamba, chukua EVA.

Vifaa: usinunue mashine kwanza

Hapa ndipo burudani hii humla mtu pesa kimyakimya. Mashine ya umeme ya kufungia uzi huanzia dola 200 na hupanda hadi zaidi ya 1,000. Fremu ya mkono ni dola 25 hadi 50. Boksi la katoni lililokatwa pengo la umbo la V kila upande halina gharama. Uzi ukipitishwa katikati ya kurasa za kitabu kizito, unapata mkazo wote unaouhitaji. Fimbo nyingi nzuri zimefungwa hivyo.

Kifaa ninachokitetea ni mota ndogo ya kuzungusha fimbo wakati epoksi inakauka, ya dola 30 hadi 60. Epoksi ya fimbo ni nzito na hukauka taratibu. Fimbo isipozunguka, epoksi itajikusanya upande wa chini na kufanya matone. Unaweza kuigeuza fimbo kwa mkono kila baada ya dakika chache, lakini ni saa kadhaa za kukaa palepale.

Vitu vidogo viwili vitakuokolea kazi nzima. Kwanza, pima epoksi na kikaushio chake kwa usawa kamili, ukitumia mabomba ya sindano yasiyo na silikoni. Silikoni huifanya epoksi ikimbie na kuacha vidoa vya duara. Pili, jua kwamba uzi wa kawaida wa nailoni hugeuka rangi na kuonyesha cha chini yake ukipakwa epoksi. Ukitaka rangi ibaki ilivyo, nunua uzi uliotiwa kinga tangu kiwandani. Bei zao hazitofautiani sana, ila huwezi kubadili nia epoksi ikishaganda. Kwa wakazi wa pwani kuna la tatu: unyevu wa hewa huifanya epoksi ipate ukungu, basi paka ndani ya chumba kikavu, si barazani wakati wa masika.

Ukiagiza kutoka ng'ambo

Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki, adui wa bajeti ni urefu wa mzigo. Ufito wa futi saba usiokatwa unaweza kusafirishwa kwa gharama inayozidi bei yake, kwa sababu wasafirishaji hutoza zaidi vifurushi virefu. Chagua ufito wa vipande viwili, vitatu au vinne. Fito za kisasa za vipande vingi zimeboreshwa kiasi kwamba mvuvi wa kawaida hatahisi kiungo. Fimbo za kuvulia kwa nzi bandia, zinazotumiwa kwenye mito ya trauti ya Mlima Kenya na Aberdare, kwa kawaida huwa za futi tisa kwa vipande vinne, na hizo husafiri vizuri hata ndani ya begi la ndugu anayerudi likizo.

Juu ya nauli, ongeza ushuru wa forodha na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 16% Kenya na 18% Tanzania Bara. Hivyo fimbo ya daraja la kati iliyokuwa dola 168 kule inaweza kukaribia dola 250 hapa. Njia ya kupunguza ni wenzako wawili au watatu kuagiza pamoja: pete, uzi na viti vya rili ni vidogo na vyepesi, na nauli hugawanyika.

Ujuzi wa mikono wenyewe si mgeni kwetu. Kwa miongo mingi Kenya imekuwa ikiuza nje nzi bandia wanaofungwa kwa mkono, wanaotumiwa kuvulia trauti na samoni Ulaya na Amerika. Mkono unaoweza kufunga nzi kwenye ndoano ndogo unaweza kufunga pete kwenye ufito.

Jambo moja zaidi kuhusu urefu wa fimbo: anayetamani kusajili rekodi ya dunia asome kwanza kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939. Sehemu ya mbele ya fimbo lazima ifike walau sentimita 101.6, na ya nyuma isizidi sentimita 68.58. Ukikata ufito bila kuzijua namba hizi, samaki wako hatahesabiwa.

Njia ya tatu: karabati uliyo nayo

Kabla ya kununua chochote, ichunguze fimbo iliyoegemea ukutani. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, kigae kimepasuka, nacho ndicho kinachokukatia mshipi. Pete moja ni dola 2 hadi 8. Ya nchani hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto, hivyo hutoka ukiipasha kidogo, na mpya huingia kwa dakika kumi. Kubadilisha pete zote ni dola 20 hadi 40 pamoja na uzi, na fimbo ya faibaglasi iliyokuwa itupwe hurudi kazini kwa miaka.

Humo unajifunza kila hatua ya uundaji: kufunga uzi, kuficha ncha yake, kupaka epoksi. Ukiharibu, umeharibu pete moja.

Nani achague nini

Unavua mara chache kwa mwaka, au unataka fimbo ya mtoto: nunua ya dola 50 iliyokamilika, na tofauti uiweke kwenye rili nzuri.

Una fimbo kuukuu yenye ufito mzima: karabati. Hakuna matumizi ya pesa yanayolipa kuliko haya.

Unavua kila wiki na umeshajua kwa nini fimbo za dukani hazikutoshi: unda ya daraja la kati, ya vipande viwili, kwa pete za Alconite na mshiko wa EVA, ukitumia boksi la katoni na mota ndogo. Tenga dola 200 hadi 220 ukiwa Marekani, na kama dola 300 ukiwa Afrika Mashariki.

Unatamani fimbo ya dola 500: unda kwanza hiyo ya kati. Ufito wa dola 190 unastahili mikono iliyokwisha kufunga pete nyingi, na akiba ya kuunda mwenyewe humfikia yule tu ambaye kazi yake haitarudiwa.