Mfupa wa Marehemu na Maswali ya Mganga

Katika nchi nyingi waganga wa hospitali hutwaa mifupa, kano na hata kioo cha mbele ya jicho katika mwili wa marehemu, kwa idhini ya jamaa zake, ili kuwatibu walio hai. Kazi hiyo ni njema. Lakini ugonjwa uliofichama mwilini huenda pamoja na zawadi, kama mbegu ya magugu iendavyo pamoja na mtama.

Mwaka 1985, huko Virginia katika Marekani, kijana mmoja aliuawa kwa risasi. Damu yake ilipimwa, isionekane na ukimwi. Basi moyo, ini na mafigo yake mawili wakapewa wagonjwa wanne. Mifupa na sehemu nyingine zikatumwa kwenye hospitali nyingi. Ikapita miaka. Mwaka 1991 mmoja wa waliotiwa mfupa alionekana ameambukizwa, ndipo uchunguzi ukaanza. Walipatikana watu 48, wakapimwa 41. Saba walikuwa na virusi: wale wanne wa viungo, na watatu waliotiwa mfupa mbichi uliogandishwa tu. Lakini 25 waliopewa mfupa uliooshwa kwa spiriti walikuwa salama, hata na wale wawili waliopewa vioo vya macho.

Je, kipimo kilidanganya? Hapana. Kipimo cha siku zile hakikutafuta virusi vyenyewe, bali askari ambao mwili huwaumba ili kupigana navyo. Na mwili huhitaji majuma kadhaa kuwaumba. Kijana alikufa kabla askari wake hawajaonekana. Siku hizi viko vipimo vya kutafuta virusi vyenyewe, na kipindi hicho cha giza kimepungua hata siku kumi hivi. Kimepungua, hakikwisha.

Kwa hiyo mganga hupima, kisha huuliza. Tangu Desemba 1993 sheria ya Marekani imedai yote mawili, pamoja na kuandika kila sehemu ilikokwenda. Maswali ni mazito. Mjane ambaye machozi yake hayajakauka huulizwa kama mumewe alijidunga madawa ya kulevya, kama alikaa gerezani, kama alikuwa na wanawake wengine. Wako wanaoona hayo ni kumtukana marehemu. Mimi sioni hivyo: anayeuliza anamtetea mgonjwa asiyeweza kuuliza mwenyewe.

Huulizwa pia kama marehemu aling'atwa na mnyama. Swali hilo nalo lina sababu yake. Mwaka 1978, katika Marekani hiyo hiyo, mwanamke aliyetiwa kioo cha jicho alikufa kwa kichaa cha mbwa. Aliyetolewa jicho lile alikuwa amekufa amepooza, na waganga walidhani ni ugonjwa mwingine.