Kifaa cha Kuchomea Diski: Kijaribu kwa Kuchoma, si kwa Kusoma Pekee

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa hivi sasa Shinyanga, Kahama na Geita hazina tena sehemu ya kuingizia CD au DVD. Hata hivyo, matumizi ya diski hayajakoma. Rekodi za video na sauti bado hupelekwa mahakamani zikiwa katika diski, na vikundi vya wachimbaji wadogo huhifadhi humo ramani, mikataba na nakala za leseni, ambayo hudumu kwa miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Ndiyo maana wenye maduka ya steshenari na viongozi wa vikundi, kuanzia Kakola hadi Katoro, hulazimika kununua kifaa cha nje cha kuchomea diski, kinachounganishwa kwa waya wa USB.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba kifaa kilifanya kazi dukani lakini kikagoma ofisini. Mara nyingi kiini chake ni umeme. Tundu la USB 2.0, lililopo katika kompyuta nyingi za zamani, kwa kawaida hutoa miliampia 500, ilhali la USB 3.0 hutoa 900. Kusoma diski huhitaji umeme kidogo. Kuchoma huhitaji zaidi, hasa diski inapoanza kuzunguka kwa kasi. Kifaa kinaweza basi kusoma bila tatizo lolote, kisha kikakatika katikati ya kuchoma na kuiharibu diski. Mnunuzi anayeonyeshwa filamu ikicheza dukani hajaonyeshwa jambo analolihitaji. Aombe kuchomewa diski moja hadi mwisho, ikiwezekana katika kompyuta ya zamani na katika mpya.

Vipo vifaa vyenye waya wa ncha mbili za USB ili kuvuta umeme katika matundu mawili. Hivyo vinafaa zaidi kwa mwenye kompyuta za aina mchanganyiko. Vinavyotegemea umeme wa ukutani ni imara, lakini havina msaada umeme unapokatika au kazi inapofanyika machimboni. Kwa kompyuta ya mezani, tundu la nyuma huaminika kuliko la mbele.

Jina kubwa la kampuni nalo si dhamana. Apple USB SuperDrive, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Mac, na mwenye Windows hapaswi kuitegemea. Chagua kifaa kinachotambuliwa na Windows, Mac na Linux bila kuwekewa programu ya ziada, na kama kompyuta ina matundu ya USB-C pekee, nunua na adapta yake. Kompyuta isiyocheza filamu za DVD si lazima iwe na kifaa kibovu: tangu Windows 8 uwezo huo hauji na mfumo wenyewe, na programu ya VLC, isiyolipiwa, humaliza tatizo.

Kifaa kizuri bado kinaweza kutoa diski isiyosomeka kwingine. Windows huuliza iwapo diski itatumika kama flashi au pamoja na kicheza CD/DVD. Chaguo la kwanza huruhusu kuongeza na kufuta mafaili, lakini kompyuta nyingine zinaweza kushindwa kuisoma. Kwa diski inayokwenda ofisi nyingine, chagua la pili.

Kwa kumbukumbu rasmi, tumia CD-R, yenye megabaiti 700, au DVD-R, yenye gigabaiti 4.7, aina za RW hufutika. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, kuangalia namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isibadilishwe. Diski isiyofutika haithibitishi ukweli wa kilichomo, lakini inapunguza mwanya wa mtu kudai kwamba mafaili yaliongezwa baadaye. Kompyuta iliyorekodi isifutwe baada ya kuchoma.

Choma nakala mbili kwa kasi ya wastani, kisha zifungue zote katika kompyuta nyingine kabla ya kuondoka dukani. Zihifadhi ndani ya kasha, mbali na jua na vumbi la machimbo, na andika tarehe kwa kalamu laini ya wino. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, kwa kuwa muuzaji ataihitaji utakapokirudisha.