Maziwa Yakikusumbua Tumbo, Usiyakimbie



Tukizungumza juu ya chakula bora katika vikundi vyetu vya Birongo, hakosi mtu wa kusema: "Mimi maziwa siwezi. Nikinywa kikombe kimoja tu, tumbo linafura, linanguruma, halafu ni mbio za chooni." Wengine hudhani ng'ombe ni mgonjwa. Na mara nyingine nyumba nzima, hata watoto, hunyimwa maziwa kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja. Hiyo ni hasara, maana maziwa hujenga mwili na mifupa. Basi tuangalie jambo hili polepole.

Shida ni nini?

Ndani ya maziwa kuna sukari iitwayo laktosi. Kikombe cha robo lita kina gramu 12 hivi, yaani kama vijiko 3 vya chai. Sukari hii ni kama ndizi pacha: ni sukari mbili ndogo zilizoshikana. Utumbo haupokei pacha, lazima kwanza zitenganishwe. Kinachozitenganisha ni kimeng'enya kiitwacho laktesi.

Mtoto mchanga huzaliwa nacho kwa wingi. Lakini watu wazima wengi duniani, kama wawili katika kila watatu, hubaki nacho kidogo. Hapo laktosi hufika chini ya utumbo ikiwa nzima, bakteria wa huko huila, na hewa hujaa tumboni. Huo si uchawi wala si uchafu wa maziwa.

Kuna ambao hawapotezi laktesi, hasa katika jamii za wafugaji. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua kwamba uwezo huu hurithiwa, na kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata kwa njia yao, tofauti na watu wa Ulaya.

Bakteria wanaotusaidia

Mababu zetu hawakujua jina la laktesi, lakini walijua dawa yake: amabere amaruranu, yaani maziwa ya mgando. Ripoti ya watafiti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba ndani yake mna bakteria kama Streptococcus thermophilus na Lactobacillus plantarum, pamoja na hamira. Bakteria hao wana kimeng'enya chao cha kutenganisha laktosi. Hula sehemu ya sukari hiyo na kuacha ukali tunaoujua. Laktosi haiishi yote, ila inapungua, na mgando hupita tumboni taratibu kuliko maziwa matupu. Kwa hiyo wengi huuvumilia vizuri.

Viwandani kimeng'enya hutolewa kwenye hamira ya Kluyveromyces lactis, kikatiwa ndani ya maziwa. Kingine hutolewa kwenye kuvu ya Aspergillus oryzae. Hiki huvumilia ukali wa tumbo, ndiyo maana hutengenezewa vidonge. Kampuni ya Valio ya Finland ilianza kuuza maziwa yasiyo na laktosi mwaka 2001. Kimeng'enya hutumiwa pia ili aiskrimu isiwe na chengachenga kama mchanga.

Sisi tutumie kilicho karibu. Fanyeni hivi:

1. Osheni mikono. Suuzeni chombo kwa maji yanayochemka.
2. Chemsheni maziwa ili kuua viini vya brusela na kifua kikuu.
3. Acheni yapoe yawe vuguvugu. Yakiwa moto sana, bakteria mtakaowatia watakufa.
4. Kwa lita 1, tieni vijiko 3 vikubwa vya mgando mzuri wa jana.
5. Funikeni, mkaweke mahali penye joto siku 1 hadi 2. Kwetu kuna baridi, kwa hiyo msiharakishe.
6. Msichemshe tena baada ya kuganda.

Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa ya kuua viini, kama ile ya ugonjwa wa kiwele, yasitumiwe mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Dawa hiyo huzuia hata mgando. Maziwa yakiwa na ukungu au harufu mbaya, mwageni.

Tahadhari

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi, na mtoto anaiweza. Msimwachishe kwa sababu mama mwenyewe hawezi maziwa ya ng'ombe. Mtu akivimba uso au akitokwa na vipele baada ya maziwa, hilo ni jambo jingine, na mgando hautamsaidia. Mtoto anayehara damu au asiyeacha kuhara apelekwe hospitali upesi.

Ya kujadili kikundini

Ni nani nyumbani kwetu ameacha maziwa, na kwa nini? Je, ameshajaribu nusu kikombe cha mgando pamoja na chakula? Na kikundi chetu kinaweza kugandisha lita ngapi kwa wiki bila kuharibu usafi?